Soksi za Corrine

Jumamosi, 2 Mei

Corrine anaondoka kesho. Moyo hautulii. Amebakiza kipande kimoja tu cha njia ya milimani, kuanzia kule juu wanakolisha farasi wadogo hadi kwenye kibao cha mpaka wa Tennessee. Kipande hicho alikuwa akitembee na baba yake masika hii. Kila masika walikwenda wawili, tangu binti akiwa na mapengo ya utoto, wakikata kipande hiki mwaka huu, kile mwakani. Harlan wangu hakuifikia masika hii. Kwa hiyo Corrine anakwenda peke yake na kofia ya baba yake. Anataka kuivika kile kibao, apige picha, amalize. Jumatatu ya tarehe 11 anatakiwa kazini.

Tatizo ni visigino. Mwaka jana alibandika plasta ili asipate malengelenge. Ngozi yake haipatani kabisa na gundi! Iliwasha, ikawa nyekundu kama nyanya, na plasta ilipobanduliwa ikaondoka na ngozi. Wakakatisha safari, ndiyo maana kipande hiki kikabaki.

Wifi yangu Nadine anafanya kazi duka la dawa, basi anajiona daktari. Leo kaniletea plasta nyingine. Nikamkumbusha ya mwaka jana. Akaniuliza, kwani wifi, huyo mtoto ulimzaa au ulimtotoa kwenye yai? Akaapa kwamba hii mpya haimdhuru hata kichanga. Nimejibandika mkononi, ili nipate ushahidi.

Corrine anasema nisihangaike. Anavaa soksi nyembamba ndani na nzito juu, anafunga kamba za buti kwa lile fundo la baba yake linaloshika kisigino kisicheze, na akikaa kupumzika anavua, miguu ipate hewa. Amejaribu mwezi mzima vilimani kwetu, hajapata hata lengelenge. Basi, Mama, hiyo tu.

Nimesema sawa. Kwa mdomo.

Jumapili, 3 Mei

Nimempeleka kwa pikapu mpaka njia inapoanzia. Tumekubaliana tuonane Jumatano, pale njia inapokatisha barabara, nimpelekee chakula na soksi safi. Akanishika mabega. Jumatano, Mama. Jumatano tu. Alivyosema ni vile ninavyomwambia mbwa akiwa karibu na meza.

Halafu kanisani. Mkono umevimba na unawasha! Nimefurahi kupita kiasi. Nikaukunja mkono wa gauni mbele ya Nadine na wanakwaya wote. Nadine akautazama kwa huruma, akasema kwa sauti kwamba maskini, wifi ameshika tena majani ya upupu bustanini. Wanakwaya wakanipa ushauri wa kupaka maziwa. Nimerudi nyumbani nikijikuna.

Jumatatu, 4 Mei

Sikukaa. Ningekaaje? Nimekwenda barabara ya kwanza ambayo njia inaikatisha. Sikwenda kuonana na Corrine! Alikwisha pita, nilihesabu hivyo. Nimeweka soseji, mikate na soda nyuma ya pikapu. Kwetu hilo si jambo la ajabu, watu wengi huwalisha wapita milima bure, na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Wamekuja wengi, wananuka kama mabeberu, Mungu awabariki. Kule juu hakuna anayetumia jina lake, wanapeana majina mapya. Mmoja ni pandikizi la mtu, zamani dereva wa lori, anaitwa Kijiko. Alikula soseji mpaka nikaogopa. Nikamwomba, akimkuta binti mwenye kofia ya kijani, amtazame visigino. Akauliza atavionaje ndani ya buti. Nikamwambia yeye ni mtu mzima, atafute njia.

Wengine nao nikawaomba hivyo hivyo. Wote wameahidi. Watoto wazuri.

Jumanne, 5 Mei

Nimefua soksi za Corrine, jozi nyembamba na jozi nzito. Nilipozianua nikamkumbuka marehemu mama. Baba alikuwa akienda machimboni kuchimba makaa, na mama akimpaka soksi mafuta ya nguruwe kwenye kisigino. Baba hakuwahi kupata lengelenge maisha yake yote. Mbwa walimfuata kila alikokwenda, lakini lengelenge hakupata.

Kopo la mafuta ya nguruwe ninayokaangia liko palepale kando ya jiko. Nimepaka visigino vya soksi zote, nikapiga pasi hadi yakazama. Huwezi kuyaona. Nadine na duka lake lote la dawa hawana kitu kama hiki!

Jumatano, 6 Mei

Amefika akitembea vizuri kabisa. Akakaa nyuma ya pikapu, akavua buti. Jamani! Visigino vizima, laini, rangi ya waridi, kama siku nilipomzaa. Hakuna wekundu wala plasta. Soksi mbili, fundo la Harlan na hewa.

Hapo ilitosha nimpe mkate wake nirudi nyumbani.

Kwanza alinigombeza. Kila anayekutana naye anamuuliza habari za visigino. Bibi mmoja kamwombea sala. Jitu moja kubwa, halijui hata salamu, limemwomba avue kiatu msituni. Na mimi nimeshapewa jina huko juu, naitwa Mama Kisigino. Mama, akaniambia, nilikuja nipate siku chache za kimya na Baba. Kimya, Mama.

Nikalia kidogo. Akanikumbatia, akasema haya, yamekwisha, lete hizo soksi. Akanipa zile chafu, akazinusa hizi. Akasema ajabu, zinanukia kama nyumbani asubuhi. Akacheka! Sijamwona akicheka tangu tulipomzika baba yake.

Ningesema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa anacheka, ningeanzaje? Nikamfungia chakula, nikamwacha aende nazo.

Alhamisi, 7 Mei

Hakuna habari. Nimekaanga mayai, nikanusa kopo, nikapata wasiwasi nisioujua unatoka wapi. Nimekula mayai hata hivyo.

Ijumaa, 8 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Corrine amepiga simu mchana, sauti ndogo, akaniomba nikamchukue. Jana alitembea vizuri, ila waliomfuata nyuma walilalamika kwamba anawatia njaa. Usiku akalala kwenye kibanda cha wapita njia. Chakula chote walikivuta juu ya mti kwa kamba, kama kila mtu afanyavyo kule kwa sababu ya dubu. Soksi akazitundika kwenye msumari juu ya kichwa chake, zipate hewa. Nani huficha soksi?

Panya wa kile kibanda wamezila. Hawakuzila zote, wamekula visigino tu. Soksi nzito na soksi nyembamba, kila moja ina tundu la mviringo, safi, kana kwamba fundi kalikata kwa mkasi.

Kijiko alikuwa amelala hapo pia, akampa soksi zake. Kubwa kama magunia! Zikakunjamana ndani ya buti, na kabla ya saa sita visigino vikachubuka. Kijiko akatoa alichokuwa nacho, plasta. Corrine alijua. Lakini mpaka ulikuwa karibu, akajibandika. Ikawasha, akatembea, ikavimba, akatembea, na mwishowe ngozi ikatoka na plasta kama ile ya mwaka jana. Akateremka barabarani akiwa hana buti miguuni.

Nimemkuta ameketi kwenye ukingo wa chuma kando ya barabara, kofia ya Harlan mapajani. Kutoka pale hadi kwenye kibao ni mwendo wa asubuhi moja. Asubuhi moja tu! Aliniuliza, kwa upole, nilipaka nini. Nikamwambia. Akacheka hadi akainama, halafu kicheko kikageuka, akalia. Nilivyokuwa namkanda mgongo akasema, Mama, mbona nilikuwa na visigino vizima.

Nimembebea buti zake mpaka kwenye pikapu.

Jumapili, 10 Mei

Leo sikukuu ya akina mama. Kanisani wametugawia maua. Langu nimeliacha kwenye kiti.

Nadine amesikia yote. Nilijikaza nisubiri maneno yake. Ameniletea pai ya tufaha, akanishika mkono, akaondoka. Bora angenitukana.

Corrine ameondoka mchana amevaa kandambili. Kofia imerudi kwenye msumari wake mlangoni, na siwezi kupita bila kuitazama. Alinibusu. Akasema mpaka hauhami, atarudi masika ijayo, na safari hiyo nitembee naye bega kwa bega, ili ajue mikono yangu iko wapi. Nimefurahi, hata kama maneno yenyewe ni ya kunionya.

Akanitaka niape. Nimeshika Biblia ya Harlan nikaapa kwamba sitagusa tena soksi zake. Nimeapa kwa moyo wote, na machozi juu. Najua nilichomharibia.

Buti zake ameziacha barazani zikauke. Nimezifuta tope. Nimeingiza kidole pale kisigino kinapokaa, na ya kushoto, nionavyo mimi, inabana. Kidogo tu. Yeye hajasema, lakini Corrine si mtu wa kulalamika.

Mwanamke mmoja wa kwaya ananiambia dawa ipo. Unatia maji kwenye mfuko wa plastiki, unausukuma ndani ya buti, unaweka kwenye friza. Maji yakiganda yanatanuka, na buti inatanuka nayo. Hakuna gundi. Hakuna mafuta. Panya hawali barafu.

Nimeziweka chini kabisa, chini ya nyama ya kulungu, ambako Corrine huwa hachungulii. Mifuko nimeijaza sawasawa.

Niliapa kuhusu soksi. Buti hakuzitaja.