Debe la Mahindi Mbele ya Mkwe

Wastaafu wenzangu wa kundi hili, leo nimeumbuka. Tena mchana kweupe, uani kwangu hapa Mabwerebwere, mbele ya mkwe!

Mnajua mwanangu Shabani anataka kunihamishia kwake Morogoro. Anasema nguvu zimeniisha, shamba la Chanzuru niwaachie wengine. Morogoro nikafanye nini? Nikae sebuleni nitazame mapazia? Nikamwambia, njoo Jumamosi uone mwenyewe. Nikibeba debe la mahindi kutoka uani hadi stoo, nabaki kwangu. Nikishindwa, nafungasha. (Mdomo huu jamani, mdomo huu!)

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Miezi mitatu sasa nafanya mazoezi. Yule dada wa mazoezi ya viungo hospitali aliniambia, mzee, misuli inapungua na umri, lakini ukiipa kazi inarudi, hata kwa mtu wa miaka sabini. Akanipa mazoezi mawili: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu, na kunyanyua vidumu viwili vya lita tano vilivyojaa mchanga. Lile la kiti nililidharau. (Kukaa na kusimama ni zoezi? Si ndiyo kazi niliyofanya ofisini maisha yangu yote!) Nikawa nalifanya tu nisigombezwe. Moyo wangu ulikuwa kwenye vidumu.

Na vidumu vikanikubali! Wiki ya kwanza mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kushika kikombe cha chai. Mwezi wa pili vikaanza kuwa vyepesi. Mwezi wa tatu navirusha juu navidaka. Nikaanza kukunja mikono ya shati hata msikitini.

Leo saa nne Shabani na mkewe wakafika.

"Shikamoo baba," mkwe akanisalimu, simu mkononi. Kumbe anarekodi.

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo uone."

Nikaanza na vidumu. Ishirini. Thelathini. Jasho hakuna! Shabani akakuna kichwa. Mke wangu, Mama Shabani, akaangalia pembeni. (Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.)

Ikaja zamu ya debe. Nikainama. Bismillahi! Halikutikisika. Nikavuta tena kwa hasira. Likainuka kidogo, likanielemea, nikakaa chini puu, mahindi yote mapajani. Na kuku nao, sijui nani aliwaita!

"Mmeweka mawe humu!" nikafoka.

Shabani akachukua kidumu kimoja, akakitikisa, akafungua kifuniko, akamimina. Ukatoka mchanga wa kujaza kikombe. Cha pili, nusu kikombe.

"Mama, mchanga wa baba uko wapi?"

"Sasa masufuria yangu nisugue na nini?" Mama Shabani akajibu, wala hana wasiwasi. "Mchanga wenyewe wa mto Mkondoa, laini, unang'arisha. Nilikuwa nachota kidogokidogo. Halafu nikamwona baba yako anavyofurahi, nikasema nisimharibie."

Yaani mimi mtu mzima, miezi yote hiyo nanyanyua plastiki!

Mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanamcheza. Nikatamani ardhi ipasuke. Nilishaanza kuyaona yale mapazia ya Morogoro, na rangi yake.

Mara jogoo akanidonoa paja. Nikaruka! "Toka hapa, mshenzi wewe!" Nikamfukuza hadi kwenye uzio. Narudi, nakuta wote wamenikodolea macho.

"Baba," Shabani akasema, "umesimamaje?"

"Nimesimama kwa miguu. Ulitaka nisimamie masikio?"

"Mwaka jana kwenye msiba wa shangazi tulikunyanyua mkekani watu wawili. Leo umetoka chini hujashika hata ukuta."

Nikakigeukia kile kiti changu pale barazani. Nikaona haya. Kumbe muda wote huo ndicho kilikuwa kinanifanyia kazi.

"Basi, baki kwako," Shabani akasema. "Ila debe uache."

Nimebaki. Vidumu vimejazwa upya, na msimamizi wa mazoezi kuanzia leo ni Mama Shabani. Amevijaza mwenyewe, akavibeba vyote viwili kwa mkupuo mmoja, huku anaongea na simu aliyoibana begani.

Video iko kwa mkwe na najua itawafikia. Naombeni msicheke. Atakayecheka namfuata hadi kwake. Mikono bado, lakini miguu ninayo!