Ombi la Kuandikishwa Mbwa ili Nipigwe Picha ya Kifua

Mafinga, kiwandani,
14 Julai 2024.
Huu ni mwaka wa pili tangu niondoke Soweto, Mbeya.

Kwa Daktari Bartholomeo, mganga wa mifugo.

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, ipokee tu kwa ajili ya elimu yako.

Mimi ni Anania, yule mpasua mbao uliyemwambia amshike Malkia, mbwa wa bosi wetu, ulipokuja na mashine ya kumpiga picha. Kazi yako niliipenda sana. Ndiyo maana nalalamika.

1. Malkia alichechemea wiki moja tu, ukaitwa. Ulipiga picha mguu uliovimba, ukamwonyesha bosi mfupa ulivyoliwa, ukasema huenda ni kansa. Mimi nakohoa tangu masika. Nyapara wetu, Jailos, huniambia ninywe maziwa, eti yanashusha vumbi la mbao. Nimekunywa mpaka naona haya kukutana na ng'ombe. Malkia hakuandikiwa maziwa, ingawa angeyafurahia.

2. Ulisema kansa ya mfupa hupenda kuhamia mapafuni, kwa hiyo kifua nacho kipigwe: ubavu wa kulia, wa kushoto, kisha chali, maana uvimbe ukijificha upande huu utaonekana upande ule. Kifua changu kina pande hizo hizo. Hakuna aliyeulizia hata mmoja.

3. Ulisubiri mbwa avute pumzi ndipo ukabonyeza. Bosi alizima misumeno yote ili asishtuke. Siku niliyokohoa damu, misumeno iliendelea, na Jailos akanionya nisichafue mbao za mteja.

4. Ulinivika aproni nzito ya madini ya risasi ili miale ya mashine isinidhuru. Asante. Ndiyo siku ya kwanza kifua changu kulindwa hapa. Kisha nikaivua, nikarudi kwenye vumbi.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba uniandikishe mbwa. Sifa ninazo. Nalala jirani na geti, nakula makombo ya jikoni kwa bosi, naitwa kwa mluzi nami nakuja, na mpaka leo sijamuuma mtu. Mbegu yangu ni ya Kinyakyusa, baridi tunaivumilia. Kama sheria inadai mkia, nipe muda.

Wasalimie wote ofisini kwako, na wanyama wote wanaosubiri zamu. Mke wangu, Ikupa, nimemwambia nitarudi Krismasi.

Wako ninayekuja nikiitwa,
Anania.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Yusta mpishi amekuja analia. Anasema picha zimeonyesha madoa mapafuni, kansa imeshafika, na Alhamisi utamletea Malkia sindano ya kumpumzisha asiteseke. Basi ombi langu nalifuta lote. Naomba niendelee kuwa mtu. Siku hiyo nitamshika mimi, kanizoea. Ijumaa nakwenda Mbeya kupanga foleni ya picha ya kifua pamoja na watu wenzangu. Krismasi ni mbali mno. Ikupa ataniona Ijumaa hiyo hiyo jioni.