Besi ya Vidole Vifupi

Jumatatu, 3 Juni

Nimedhalilishwa. Tena mbele ya wapiga tarumbeta! Ephrasia, mwimbaji na kiongozi wa bendi yetu, amesimamisha mazoezi hapa Kitendaguro katikati ya wimbo na kusema besi yangu inakoroma. Gitaa lenyewe eti ni refu kuliko mimi. Lina nyuzi sita na mimi natumia tatu. Amesema muziki wetu ni wa harusi, unataka besi ya nyuzi nne, yenye sauti nene na tulivu, isiyopigana na sauti yake. Kisha akatazama vidole vyangu. Wote wakavitazama. Nikaviweka mfukoni.

Hukumu: nisipopata gitaa linalonifaa kabla ya harusi ya Muleba Jumamosi, Yunus mpiga kinanda atapiga besi kwa mkono wake wa kushoto. Miaka kumi na moja nimo kwenye bendi hii. Nipokonywe nafasi na mkono!

Jumanne, 4 Juni

Nimezunguka Bukoba mjini kutwa. Duka la kwanza: gitaa jekundu, zuri ajabu, zito kama jiwe la kusagia. Bega limekufa ganzi. Duka la pili: jepesi, lakini linalia kama kopo. Nilikuwa tayari kulichukua jekundu kwa sababu linang'aa. Mke wangu Benigna amepima kiganja changu kwa mwiko, akasema mwiko umeshinda.

Ameniambia kwa Mzee Mushumbusi kule Izimbya kuna besi fupi ya enzi zake za dansi. Haiuzi. Atampa mtu atakayempendeza. Benigna ameshauri niende, nisalimie vizuri, niombe.

Kuomba! Mimi! Nina mbinu bora. Nitakwenda kama mtaalamu wa magitaa kutoka Dar es Salaam. Miwani myeusi. Nitajifanya Kihaya sikijui hata neno. Nitalikosoa gitaa mpaka mzee mwenyewe anisihi nimwondolee uchafu.

Jumatano, 5 Juni

Izimbya. Nimejitambulisha kama Injinia Apolo. Mzee akalitoa gitaa. Nikalipakata. Ee Mungu! Shingo imeingia kiganjani, vidole vyote vimefika, hata kile kidogo ambacho sijakitumia tangu nianze muziki. Nikapiga uzi mmoja. Sauti nzito, laini. Nilitaka kulia. Badala yake nikasema hili ni gitaa la watoto na mbao zake zimechoka.

Kisha mkewe akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama kila mgeni anavyokaribishwa kwetu. Mkono uliinuka wenyewe! Nikaurudisha. Mtu wa Dar angejuaje? Nikauliza kama ni dawa ya minyoo. Nikakataa.

Mzee akamwuliza mkewe kwa Kihaya, taratibu kabisa, kama huyu siye yule mtoto wa Kokuhirwa aliyekuwa akiiba ndizi zao mbivu kila Jumapili. Nikajibu, kwa Kihaya, kwamba ilikuwa mara moja tu!

Amesema anayekataa kahawa ya nyumba hapewi kitu cha nyumba. Gitaa likarudi ndani. Nimerudi mjini mikono mitupu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemtahadharisha Yunus kwamba gitaa la Izimbya limeliwa na mchwa, asihangaike nalo. Akauliza gitaa gani. Kumbe alikuwa hana habari! Akauliza pia njia. Sijui kwa nini nilimwelekeza.

Ijumaa, 7 Juni

Kiama. Yunus ametokea mazoezini na gitaa la mzee! Mtu wa mjini, babu zake wa Pangani, Kihaya chake cha kuokoteza. Anasema alisalimia, akapewa kahawa, akatafuna mpaka jioni, mzee akamwimbia nyimbo tano. Nikaanza kukusanya nyaya zangu niage.

Ndipo akanipa mimi gitaa. Amesema mkono wake wa kushoto una kazi zake na hauna hamu ya besi, na kwamba alimwombea rafiki yake. Mzee amekubali kuniazima kwa sharti moja: Jumatatu niende Izimbya, nitafune kahawa yake, nimpigie wimbo. Nimemshuku Yunus jioni nzima. Nimetafuta hila yake, sijaiona.

Jumamosi, 8 Juni

Muleba. Sijapata kupiga hivi maishani! Besi ilikaa chini ya wimbo, sauti ya Ephrasia ikastarehe juu yake. Wazee wamecheza. Bibi harusi amevua viatu. Katikati ya wimbo Ephrasia akanigeukia, akacheka kwa furaha. Baadaye akasema mbele ya wote kwamba nafasi ni yangu, mradi gitaa hili lisitoke mikononi mwangu. Nimefurahi mpaka nimesahau kula.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari. Kama nyuzi nne zimefanya haya, nyuzi nane zitafanya mara mbili! Harusini nilikutana na mvuvi wa kisiwa cha Goziba anayesema kambini kwao kuna besi ya nyuzi nane, ndefu kama kasia, na mwenye nayo anatafuta fupi wabadilishane. Boti inaondoka kesho asubuhi. Nitakwenda kama Mkaguzi wa Ala za Muziki Visiwani. Cheo hicho hakipo, kwa hiyo hakuna ofisi itakayonikana. Mzee Mushumbusi nitamrudishia hilo la nyuzi nane nikilichoka, naye atakuwa amepata faida.

Benigna anajua naenda Izimbya. Amefurahi sana, akasema hatimaye nimekuwa mtu mzima. Amenifungia mkungu wa ndizi nimpelekee mzee. Nahodha ataupenda.