Kiyoyozi Kinachotaka Kusikilizwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka. Naandika nimekaa, maana nikijilaza kwenye kochi hili miguu inaning'inia nje. Mama mkwe amekuja kututembelea. Kapewa chumba chetu, kitanda chetu na feni yetu, na mke wangu analala naye. Mimi sebuleni, na shati na suruali, vifungo hadi shingoni. Mama mkwe huamka kunywa maji wakati wowote, na mkwe hawezi kukutwa kifua wazi. Joto hili! Silali, nachemka.

Kazini limeletwa gari-nyumba la mwalimu mkuu mstaafu na mumewe. Ndani kitanda, jiko, sinki. Juu ya paa kiyoyozi. Kinavuma tu, hakipoozi. Nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko: kapasita imevimba kama shavu lenye jino bovu. Bila hiyo kompresa, pampu inayoleta baridi, haipati nguvu ya kuanza. Nikaibadilisha. Kabla ya mchana baridi ilikuwa inashuka.

Nikajilaza kitandani kidogo ili nisikilize mlio. Kusikiliza ni sehemu ya kazi. Nikaamka jioni!

Sikumwambia bosi kwamba kimepona.

Jumanne, 5 Machi

Nimemweleza bosi kwamba kiyoyozi kina ugonjwa wa kuvizia. Kinakwenda vizuri, halafu kinazima chenyewe. Lazima mtu akae ndani akisubiri. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia mashine yenyewe ndiyo itakayosema.

Mlangoni nimetundika kibao changu chekundu: HATARI, FUNDI KAZINI, USIGUSE. Sheria ya bosi mwenyewe. Mwaka jana fundi alirushwa kutoka juu ya ngazi kwa sababu mtu aliwasha umeme bila kuuliza. Tangu hapo kila fundi ana kibao chake, na hakuna wa kukiondoa ila aliyekitundika. Kubisha hodi pia marufuku, fundi asije akashtuka akashika waya. Sheria nzuri sana. Nimelala kama mtoto.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji ameanza kunusanusa. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi mwenzangu, na kipenzi cha mama yake. Ana mita mpya ya kupimia umeme, anaivaa kiunoni hata akienda chooni. Kila jioni mama mkwe ananiuliza mbona mimi sina mita kiunoni.

Leo kauliza mbona maji yanadondoka mfululizo kutoka paani, wakati kiyoyozi kinachotoa maji namna ile ni kizima. Nikamjibu kwamba hata mgonjwa hutoka jasho. Akaomba aingie apime. Nikamwonyesha kibao. Akanywea! Siku yangu bora kabisa mwaka huu.

Alhamisi, 7 Machi

Mambo yameharibika. Mwalimu mkuu kapiga simu, anataka gari Jumamosi asubuhi. Binti yao anaolewa mji wa mbali. Mzee wake katoka hospitali juzi, kapasuliwa moyo, na daktari kakataza joto. Bila kiyoyozi hasafiri, na bila kusafiri hatamwona binti yake akiolewa. Mtoto mwenyewe ni huyohuyo mmoja.

Bosi akaongeza kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo mbaya, kwamba gari lisipoondoka Jumamosi, Jumatatu mimi nisije.

Niliumia kweli. Mzee wa watu! Nikataka kusema kimepona, nikafungua mdomo kabisa. Lakini usingizi ulikuwa umenikaba. Nimeahidi Jumamosi saa tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa nyumbani. Mama mkwe kaniangalia wakati wa chakula, kisha kamwambia mke wangu, nami nipo palepale, kwamba mwanamume anayezidi kung'ara uso kwenye joto kama hili ana mwanamke mahali. Mke wangu akaniuliza. Nikasema ni kazi tu. Mama mkwe akacheka peke yake. Sikupenda kile kicheko.

Kesho nakwenda mapema, nilale mara ya mwisho. Ya kuagana tu.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilifika kabla ya wote. Nikatundika kibao, nikawasha kiyoyozi. Kwa kuwa ni mara ya mwisho, nikavua shati. Halafu suruali. Nikajifunika blanketi la mzee. Dakika kumi, nilijiambia.

Wenye gari wakafika saa tatu. Bosi akaona kibao. Hakubisha, hakuita. Sheria ni yake. Wakasubiri. Mzee akapewa stuli juani, mwalimu mkuu akamshikia mwavuli. Saa nne. Saa tano. Shemeji ananiambia bosi alikuwa ananisifu kwamba fundi kama huyu, asiyeacha kazi mpaka iishe, hapatikani siku hizi.

Ndipo akaja mama mkwe kumtafuta huyo mwanamke. Wakamweleza habari ya kibao. Akasema yeye si fundi, hajaajiriwa na mtu hapa. Akaking'oa, akafungua mlango, akavuta blanketi.

Mwanamke hakuwepo. Nilikuwepo mimi, na chupi, nakoroma.

Ile kelele! Karakana nzima ikaja. Mama mkwe kajifunika uso kwa mtandio. Mwalimu mkuu akanigombeza kama mwanafunzi wa darasa la pili, nimesimama wima, mto nimeushika mbele. Shemeji akapima, akatangaza kwamba mashine haina ugonjwa wowote.

Mzee hakugomba. Jasho lilikuwa linamtiririka, mkono kifuani. Aliniuliza tu kama kitanda kile kinalalika, maana yeye tangu atoke hospitali hajapata usingizi.

Nilivaa, nikambeba mikononi hadi ndani. Mwepesi mno. Nililia, na sijali nani aliniona.

Shemeji kampigia bosi magoti kwa ajili ya dada yake, kwa hiyo sijafukuzwa. Nitafanya kazi juu ya paa tu, ndani ya gari nisiingie. Kuokolewa na shemeji! Afadhali ningefukuzwa.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe hawezi kunitazama tena. Kaondoka asubuhi. Mke wangu kamsindikiza, atakaa huko wiki. Nimebaki na kitanda kizima peke yangu.

Feni wamebeba.

Jumanne, 12 Machi

Habari njema: mzee alifika, akamwona binti yake akiolewa. Nimefurahi kweli. Nimeapa nimebadilika.

Mchana limeingia gari-nyumba jingine. Vitanda viwili. Viyoyozi viwili!

Nimeitafakari sana Jumamosi. Kila mtu anasema kosa langu lilikuwa kulala. Wanakosea. Kosa lilikuwa mlango, haukuwa na komeo kwa ndani. Nimelinunua leo, la chuma, zito. Kesho bosi anashinda benki, nami nitalifunga asubuhi na mapema, kisha nianze kusikiliza.