Divai Kavu ya Baba Morgan

Jumatatu, 4 Agosti
Chupa imefika. Divai nyekundu, zabibu za Dodoma. Ameitanguliza Baba Morgan. Mwenyewe anakuja Jumamosi kuposa. Mwanawe Morgan, wa bandarini, anamtaka mjukuu wangu Sheryl. Ndoa naitaka. Sheryl kupelekwa Dodoma, shambani kwa mzee, sitaki. Nimemlea mimi tangu ana meno mawili. Jumamosi mzee atakula mpaka akubali watoto wakae hapa Mombasa.
Sheryl amenisomea karatasi ya chupa, herufi zake ndogo kama sisimizi. Ati divai kavu. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunio. Kumbe huyu mzee anadhani nyumba yangu haina chakula. Kavu, kwangu mimi Nasipwondi? Atakuta meza imepinda.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemuuliza Mama Wendy wa kwaya divai nyekundu huendana na nini. Alipikia matajiri wa Kizingo miaka ishirini, na haipiti siku asikukumbushe. Akasema nyama, Nasipwondi, hata mtoto anajua.
Basi nimeamua samaki.
Lakini lazima nijaribu. Kizibo kikakataa kutoka, nikakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko. Changu wa kupaka, na kijiko kimoja cha divai. Ladha ya msumari. Nikaongeza kijiko, huenda kile cha kwanza ndicho kilichokosea. Msumari ule ule.

Alhamisi, 7 Agosti
Sikai, sisimami. Sheryl kasema Kukhu, bibi yangu, keti, unanizungusha kichwa. Nimejaribu viazi karai. Mbaazi za nazi. Papa mkavu pia, maana kavu kwa kavu huenda zikasikizana. Zimegombana.
Mchana nikanunua mishkaki kwa Ubaid, kona ya Ndia Kuu. Hapo ulimi ukatandikiwa mkeka. Nikaonja tena kuhakikisha. Nimehakikisha mishkaki minane.
Mama Wendy asijue.
Chupa imebaki vidole viwili.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeshuka kwa Bi Mwanatumu, mwenye nyumba. Sharubati yake ya rosela ni nyekundu kama divai. Nikamwambia nina wageni. Sikumwambia naimimina wapi. Nyumba yake hailazi pombe, chupa nimeificha chini ya mashuka. Akanipa jagi zima. Akasema mjukuu wako ni wangu pia, niondolee shukrani zako hapa.
Nikaona haya. Kidogo. Nikajaza chupa.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee alikula pilau, akala mishkaki, akaongezwa, akala. Akainua glasi. Akanusa. Akanywa. Morgan akaangalia viatu vyake.
Kisha mzee akaniambia, Bibi, nimelima zabibu miaka thelathini. Udongo wetu mwekundu, mvua yetu ya kuhesabu, na bado tunavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini sijaona mzabibu ukizaa iliki.
Bi Mwanatumu na iliki yake.
Nikasema kweli yote, hata ile mishkaki minane. Nikamwambia na yeye ana kosa, ameniletea kavu kama mtu anayekwenda kwa wenye njaa. Mzee akacheka mpaka akafuta macho. Akanieleza kavu maana yake haina utamu, sukari yote imeliwa wakati zabibu zikichacha. Halafu akasema basi watoto wakae Mombasa. Lazima awepo mtu wa kumlinda bibi huyu na chupa.
Nimelia mbele za watu. Sheryl naye.

Jumapili, 10 Agosti
Baba Morgan ameondoka asubuhi. Ameniachia chupa ya pili, ya harusi, akaniapisha nisiiguse mpaka Desemba. Nayo pia ni kavu.
Nimeiweka. Nimeizunguka. Nimekaa, nimeinuka. Mtu mwema vile, ana shamba lote lile, na nyumbani kwake sukari imekwisha kabisa.
Kizibo safari hii kimeingia bila matata. Nimetia sukari vijiko vinne.