Mguu Wangu na Mbwa wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka wodini jana, baada ya siku tisa. Nyuzi ishirini na mbili kwenye shavu la mguu wa kulia. Daktari anasema meno yalifika kwenye msuli, na mbwa akaondoka na kipande. Chanjo ya kichaa cha mbwa, bado sindano mbili. Nimelazwa sebuleni kwa dada, kwenye kochi fupi kuliko mimi. Shemeji, mume wa dada, amenikaribisha kwa kuniuliza nitakaa mpaka lini.

Miaka kumi na minne nasoma mita za maji. Nimeshakimbizwa na bata, nyuki na mama mmoja mwenye ufagio. Kung'atwa, hapana. Mbwa ni wa mwalimu mstaafu, nyumba ya kona. Geti aliliacha wazi, mbwa hakumfunga, na mwenyewe amekiri mbele ya polisi. Basi kwa mara ya kwanza maishani haki yote iko upande wangu. Sijazoea.

Jumatano, 5 Machi

Wakili niliyempa kesi ya mbwa kapiga simu. Kesi nyepesi, anasema. Niseme ukweli, nitunze risiti, nifuate maagizo ya hospitali. Tarehe ishirini daktari wa tathmini atanipima, na ripoti yake ndiyo itakayopima fidia. Nikamuuliza kama mguu mbaya zaidi hulipwa zaidi. Akanyamaza kidogo, akasema kwa kawaida ndiyo.

Heri angenyamaza moja kwa moja.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mama mpole, mikono ya fundi chuma. Nikunje wayo mara ishirini asubuhi, ishirini jioni, kisha nitembee na magongo hadi mlangoni. Tulipojaribu, kwa maumivu nilimwona bibi yangu, marehemu, akinipungia mkono. Nisipofanya, akaonya, mguu utakakamaa.

Utakakamaa! Nimelirudia neno hilo mchana kutwa. Mpango ni huu: sifanyi zoezi hata moja mpaka tarehe ishirini. Tathmini ikipita, nitayafanya yote kwa mkupuo.

Jumanne, 11 Machi

Uvivu nao una kazi yake. Dada akiwa jikoni hutega sikio, kwa hiyo nalala chali nikihesabu kwa sauti na kuhema. Leo shemeji karudi mapema, akanikuta niko kumi na saba, kikombe cha chai mkononi. Alichukua rimoti ya televisheni, na tangu hapo ni mali yake. Ninatazama anachotazama. Anatazama mieleka.

Jambo moja sijamwambia mtu. Mbwa yeyote akibweka huko mtaani, jasho linanitoka mpaka shati linalowa. Nitarudije kwenye mageti ya watu? Hilo halionekani kwenye picha ya jeraha.

Jumatatu, 17 Machi

Mwalimu amekuja kuniona. Kimama kifupi, miwani imefungwa uzi. Nilimwamkia shikamoo kabla sijakumbuka kwamba nimemshtaki.

Alikaa ukingoni mwa kiti, hakugusa chai. Mbwa amempeleka kwa mpwa wake mwenye ua wa matofali. Atalipia matibabu yangu yote, na mshahara wangu mpaka nirudi kazini. Tuandikishane kwa wakili, yaishe.

"Mwanangu, kosa ni langu," alisema. "Sihitaji hakimu aniambie ninachokijua."

Nilitaka kukubali palepale. Kisha nikaikumbuka tarehe ishirini. Nikamwambia nitafikiri. Dada alinitazama kama chungu kilichoungua.

Alhamisi, 20 Machi

Tathmini. Shemeji alijitolea kunisukuma kwenye kiti cha magurudumu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Daktari kaukunja wayo wangu. Haukunjiki. Nililia bila kuigiza, na hilo ndilo lililonitisha. Akapima shavu la mguu kwa futi ya mshonaji, kulia na kushoto. Akaniuliza nafanya mazoezi mara ngapi. Mara mbili kwa siku, nikajibu. Akamgeukia shemeji, naye akaeleza habari ya kikombe cha chai, kwa utulivu, pamoja na rangi yake.

Ripoti: jeraha ni kubwa, ila limeunga vizuri. Kukakamaa kumeletwa na mgonjwa mwenyewe. Wakili kaisoma, akanipigia simu. Mahakama itanikata fidia vibaya, anasema. Nimuombe Mungu yule mwalimu awe hajabadili nia.

Dada kasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kasema mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Hakubadili. Tumetia sahihi ofisini kwa wakili, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ngazi shemeji alinipandisha mgongoni. Nikamshukuru. Akaniambia nipunguze kula.

Mtaalamu naye kaniambia ukweli: kazi ya wiki sita sasa ni ya miezi minne. Mwalimu amesema atanisindikiza kliniki mwenyewe. Nilijaribu kukataa. Alinitazama vile walimu wanavyotazama, nikamkubalia.

Jumatano, 2 Aprili

Wayo umekunjika! Upana wa kidole, lakini umekunjika. Machozi yalinitoka na sikuona haya. Mwalimu alikuwa kwenye benchi, amepakata gongo langu kama mtoto.

"Mguu haudanganyiki, mwanangu," aliniambia tukitoka. Nikakubali kwa moyo wote. Nimejiona mjinga mkubwa. Nimeapa: ujanja basi.

Ila nimeona kitu. Ngazi za kliniki, kipandio cha tatu, kuna kigae kimelegea. Kinacheza kabisa. Jengo kubwa namna ile, halikosi bima. Leo nimekikanyaga mara mbili, kwenda na kurudi. Hakijaniangusha.

Zoezi lijalo ni kesho kutwa. Nitavaa ndala.