Feliksi wa Kweli Ajifunze kwa Feliksi wa Bandia

Mama Elinipa,
Msimamizi, Ofisi ya Ratiba za Boti,
Kigoma.

Shikamoo Mama.

Naandika nikiwa na akili timamu na chaji asilimia themanini. Mimi, Bariki Nikodemu wa Rusimbi, ndiye fundi wa kurasa za mtandao asiye na mpinzani kutoka hapa mpaka Simbo, na Simbo kwenyewe nimewaachia tu kwa heshima. Kidato cha pili nilikiacha mwenyewe, kilikuwa kinanichelewesha.

Ndiyo maana nimeshangaa kusikia kwamba Ijumaa unaufunga ukurasa wangu wa saa za boti na kunirudisha kaunta kugonga mihuri kwenye tiketi. Eti kwa sababu Bibi Veneranda wa Katubuka aliachwa na boti, mjukuu wake akaolewa huko kusini bila yeye. Pole nimempa. Ila kosa si langu, na nathibitisha:

1. Ukurasa wangu una kisanduku kinachomsikiliza Feliksi, karani wetu wa ufukweni. Feliksi akituma habari, kisanduku kinaionyesha. Sasa kukijaribu kisanduku huku unamsubiri Feliksi amalize chai ni kuzeeka bure. Nikamtengeneza Feliksi wa bandia ndani ya kompyuta, kama ulivyonifundisha. Huyo ndiye mfanyakazi! Unamwita, anajibu papo hapo, "Boti saa nne," kisha ananyamaza. Majaribio arobaini na moja, yote kijani, yaani yamefaulu.

2. Feliksi wa kweli siku ile alituma "saa nne", halafu akatuma tena "saa mbili, upepo unakuja, waambieni wawahi". Mara mbili! Mtu mzima na familia yake. Kisanduku changu kikashika neno lake la kwanza, kama muungwana yeyote. Nilipomfuata ufukweni akanijibu mbele ya wapagazi, "We dogo, nenda kaliambie ziwa." Naomba apewe onyo la maandishi.

3. Siku nyingine hatumi kitu mpaka jua limepanda. Feliksi wa bandia hajawahi kuishiwa bando.

4. Kwa hiyo naomba Feliksi wa kweli aletwe kwangu siku tatu, akae kimya, amtazame mwenzake anavyofanya kazi. Akishindwa kumwiga, wabadilishane vyeo, na sare amwachie.

5. Ziwa nalo liandikiwe barua yenye mhuri. Upepo ukitaka kuvuma, uvume baada ya saa nne.

6. Wamebaki abiria, na hawa ndio wasumbufu kupita wote. Bibi Veneranda alikuja ofisini akaniuliza mbele ya Christina wa kaunta, "Mwanangu, hiyo mashine yako ilimsikiliza nani?" Nikamgeuzia kompyuta aone kijani zote arobaini na moja. Akazitazama, akasema, "Basi hizo ndizo zingeenda harusini." Ofisi nzima ikacheka, Christina mpaka akashika meza. Naomba kibali cha kutengeneza abiria wa bandia, wasio na wajukuu. Tukifika hapo, Mama, hata boti yenyewe haitahitajika, na malalamiko yatakwisha mkoa mzima.

Ukiyatekeleza haya, ukurasa ubaki wazi na mimi nibaki nao. Mihuri agonge Feliksi.

Nisalimie Mzee Jonathan mlinzi, wapagazi wote isipokuwa waliocheka, na Christina, umwambie nimeshamsamehe ingawa hajaomba.

Mimi niliyeonewa bila sababu,
Bariki Nikodemu.

Nyongeza: Mama, hapa usisome kwa sauti. Jioni ile kabla sijakukabidhi ukurasa, nilimfanya Feliksi wa bandia aseme mara mbili: saa nne, kisha saa mbili. Ulikuwa umenisisitizia nijaribu hivyo, nikaona nikuridhishe. Likawa jaribio la arobaini na mbili. Likatoka jekundu, kisanduku kimeganda kwenye saa nne. Nikatafuta, nikaona tatizo lilipo: mstari mmoja tu, nimeandika mwenyewe kwamba kikipata habari ya kwanza kiache kusikiliza. Lakini Christina alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilishamwambia kazi yangu haina doa. Nikafuta jaribio. Mstari nikauacha.